Dozi ikiisha, ute hauishi, na wala haupaswi kuisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tangazo ambalo limekuwa likijitokeza kwenye ukurasa wenu wa matangazo madogo, la dawa ya unga inayoahidi "kukausha kabisa" uchafu ukeni kwa wanawake waliotumia dawa za hospitali wasipone. Mwenye dawa simjui na sina ugomvi naye. Ninachokipinga ni ahadi yenyewe, kwa sababu wanaoisoma na kuiamini huishia mbele ya kaunta ninayosimama mimi.

Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu hapa Mbinga, mkoani Ruvuma. Mpango wa maduka haya ulianzia mkoa wetu huu mwaka 2003 kabla ya kusambazwa kwingine, na shabaha yake ilikuwa mtu wa kijijini apate dawa salama, mkononi mwa mtu aliyefundishwa, bila kusafiri hadi mjini. Wateja wangu wengi ni wanawake. Wapo wanaoteremka kutoka vijiji vya milimani wakiwa na kikapu kichwani na mtoto mgongoni, na msimu wa kahawa wanakuwa wengi zaidi, maana ndipo fedha inapopatikana na yale waliyoyavumilia tangu masika yanatafutiwa dawa. Hawasemi kwa sauti. Wanasubiri duka liwe tupu, wanajifanya wanauliza bei ya panado, kisha wanasogea karibu. Mwingine anamtuma mtoto na kikaratasi kilichokunjwa hadi kikawa kama punje, ndani kumeandikwa tu: "ile ya kuweka".

Wanaorudi wana kauli moja. "Dokta, dozi nimemaliza lakini bado inatoka. Nipe iliyo kali zaidi."

Mimi siendi kwenye rafu. Ninauliza. Inatoka vipi, dada? Rangi gani? Inanuka? Inawasha? Dawa ulimaliza lini, na hedhi yako ya mwisho iliingia lini? Hilo la hedhi huwashangaza, wanaona kama nimehama kwenye mada, lakini mara nyingi jibu lote limo humo.

Mwanamke aliyekwisha kuvunja ungo na ambaye hajakoma hedhi hutokwa na ute karibu kila siku. Unatengenezwa na tezi za mlango wa kizazi na kuta za uke, na ndani yake mna seli zilizochakaa pamoja na bakteria walinzi waitwao laktobasili. Bakteria hao hutoa tindikali inayoufanya uke uwe na pH kati ya 3.8 na 4.5, hali ambayo vijidudu vingi vya magonjwa haviipendi. Ndiyo maana chupi nyeusi hufifia rangi sehemu ya katikati hata kwa mwanamke mzima asiye na ugonjwa wowote: ni tindikali hiyo. Siku chache baada ya hedhi ute huwa kidogo. Katikati ya mwezi wake, yai linapokaribia kutoka, unakuwa mwingi, mwepesi, wa kuvutika kati ya vidole kama ute mbichi wa yai la kuku. Baada ya hapo unakuwa mzito na mweupe, na ukikaukia kwenye nguo unaacha alama ya manjano kidogo. Hedhi ikikaribia kuingia, wengine huona rangi ya kahawia. Yote hayo ni uzima.

Basi dada anamaliza dozi ya fangasi siku ya kumi au kumi na mbili tangu hedhi ianze. Siku mbili tatu baadaye anaona ute mwingi unaovutika. Moyo unamlipuka. Katika muda wote alioumwa alikuwa akikagua nguo ya ndani asubuhi na jioni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa mzima, kwa hiyo sasa anaona kila kitu. Ute huo amekuwa nao tangu usichana wake. Ugonjwa ndio uliomfundisha kuuangalia. Anakuja kwangu kutafuta dawa ya kuua kitu ambacho ni dalili kwamba mwili umerudi kwenye mzunguko wake.

Kuna jingine linalowatisha, nalo ni mabaki ya dawa. Vidonge vya kuweka ukeni vya klotrimazoli, dawa ya fangasi, vipo vya miligramu 100 vya usiku sita, vya miligramu 200 vya usiku tatu, na kile cha miligramu 500 cha usiku mmoja. Ndani ya kidonge, dawa yenyewe imebebwa na unga na vitu vingine ambavyo mwili hauvinyonyi vyote. Lazima vitoke, na vinatoka vikiwa chengachenga nyeupe au majimaji mazito kama chokaa, asubuhi ya pili na siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Hakuna aliyemwambia, kwa hiyo anadhani fangasi wamezidi. Mwingine anaingiza kidole na kuvikomba vyote, akidhani anatoa ugonjwa, kumbe anatoa dawa. Ninawaambia wakiweke wakati wa kulala, wasiinuke tena, wavae pedi au kitambaa safi, na watulie. Cha kufuatilia ni muwasho na kuungua. Hivyo vinapaswa kupungua ndani ya siku mbili tatu na kwisha ndani ya wiki moja, au mbili kwa aliyekuwa ameumwa vibaya. Muwasho ukikata wakati weupe unaendelea kutoka, dawa imefanya kazi. Na wenye kutumia kondomu wajue kwamba dawa hizi za kuweka na za kupaka zinaweza kudhoofisha mpira wake, wakati wa dozi na siku chache baadaye.

Nieleze pia kwa nini mwanamke mmoja hutoka zahanati na dawa za aina tatu, maana hapo ndipo maneno mengi ya mitaani yanapoanzia. Zahanati nyingi za vijijini hazina vipimo vya kutambua kijidudu kimoja kimoja, kwa hiyo mhudumu hutibu kwa kufuata dalili: anaposikia kutokwa na uchafu usio wa kawaida, anatoa dawa zinazoyafikia magonjwa kadhaa kwa pamoja. Utaratibu huu una heshima yake hapa nchini. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994 ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Sitaki mtu asome barua hii akadhani ninawapinga wauguzi wetu.

Lakini antibayotiki nyingi hazichagui. Zikiua wabaya zinaua na laktobasili, na fangasi, ambao hawaguswi na antibayotiki, wanapata nafasi ya kustawi. Hapa naomba wasomaji wa kike wanifuate taratibu, kwa kuwa hili ndilo ninalolikuta zaidi. Mama anakwenda kituoni na majimaji ya kijivu, mepesi, yenye shombo la samaki ambalo huzidi baada ya kukutana na mumewe. Anapewa metronidazoli, antibayotiki ya kumeza, ya siku saba. Siku ya pili au ya tatu shombo limekata, kinywani ana ladha kama amenyonya sarafu, pengine na mkojo umekuwa na rangi ya chai. Yote mawili yanaletwa na dawa na yataisha. Anamaliza dozi yake vizuri, bila pombe ya ulanzi wala komoni, kama alivyoelekezwa. Siku ya tisa anaanza kuwashwa, na safari hii ute ni mweupe, mzito, wa mabonge kama maziwa ya mgando, bila harufu. Anachoniambia ni kwamba ugonjwa umekuwa sugu. Hapana, mama. Ule wa kwanza umepona. Hawa ni fangasi waliopata nafasi ya kustawi baada ya dawa. Nikikuongezea metronidazoli kama unavyotaka, haitawagusa fangasi hao na muwasho utaendelea.

Ni kweli pia kwamba hali ile ya shombo la samaki ina tabia ya kurudi. Wanawake wengi waliotibiwa vizuri kabisa hurudiwa ndani ya mwaka mmoja, karibu nusu yao au zaidi. Haimaanishi ni wachafu, wala haimaanishi aliyewatibu hakujua kazi yake. Anayerudiwa namna hiyo anahitaji kwenda mahali penye darubini, achukuliwe majimaji kwa pamba, yaangaliwe. Na anayerudiwa na fangasi mara kwa mara apime sukari na apime VVU, kwa kuwa vyote viwili huwapa fangasi nguvu. Ninajua kipimo ni nauli juu ya gharama. Lakini nimeona wanawake wakitumia fedha nyingi zaidi ya hizo kwa kununua dozi ileile kila baada ya miezi michache, kila duka wakiambiwa ni "UTI sugu", yaani ya njia ya mkojo, au "PID sugu", yaani ya kizazi na mirija, bila hata tone moja la mkojo kupimwa.

Yupo na yule ambaye dawa ilimponya kweli, kisha akaambukizwa upya nyumbani kwake. Trikomona, kijidudu kinachoambukizwa kwa ngono, huleta majimaji ya manjano au ya kijani, wakati mwingine yenye povu, na muwasho mkali. Mwanamke akitibiwa peke yake, amefanya nusu ya kazi. Mwanaume mwenye trikomona kwa kawaida hana dalili yoyote, anakojoa vizuri, analala vizuri, kwa hiyo anaona dawa ni za mkewe. Klamidia, ugonjwa mwingine wa ngono, nayo iko hivyo mara nyingi, kwa wanaume na kwa wanawake. Wote wawili wameze dawa wakati mmoja, na wasikutane hadi siku saba zipite na dalili ziwe zimekwisha. Ninajua ugumu wake. Mama mmoja aliniambia, "Nikimpelekea karatasi ya kumwita kituoni, atauliza nimeutoa wapi." Swali hilo limevunja nyumba za watu. Ninachowapa ni maneno ya kuanzia: "Baba fulani, nimetibiwa, na wamesema dawa haitafanya kazi mpaka na wewe umeze." Anayeogopa kupigwa simlazimishi kusema peke yake, namwelekeza kwa muuguzi ili mume aitwe kwa utaratibu wa kituo. Wapo wanaume waliokuja. Wamesimama pale pale kwenye kaunta, wamesikiliza na wamemeza dozi zao. Nawashukuru kwa dhati.

Sasa nirudi kwenye unga wa kukausha. Wanawake wameniambia wanachokiweka: shabu, limau, chumvi, sabuni ya kufulia, majani ya kutwanga, na sasa unga wa kununua kwa simu. Nia yao ni moja, pasitoke kitu. Na kwa siku moja au mbili hakitoki, kwa sababu kuta za uke zimebabuka. Tindikali imevurugwa, laktobasili wamekufa, ngozi laini ya ndani ina michubuko isiyoonekana kwa macho. Kisha mwili unajitetea: majimaji yanarudi yakiwa mengi kuliko mwanzo, na harufu juu yake, na mwanamke ananunua pakiti ya pili. Mbaya zaidi ni kwamba uke mkavu wenye michubuko hupitisha VVU kwa urahisi zaidi, na wanaojiosha kwa ndani ndio hupata zaidi ile hali ya shombo. Uke unajisafisha wenyewe kwa ule ute. Nje panatosha maji safi, na mwenye kutaka sabuni atumie isiyo kali, kwa nje tu, chupi ya pamba ianikwe juani ikauke. Ndani hapahitaji mkono wa mtu.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, Mhariri, lisipokee fedha za tangazo la namna hiyo kabla ya kuomba kuona kibali. Dawa za hospitali zina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tiba asili nazo zina Baraza lake. Swali moja la mhariri wa matangazo linatosha kumzuia mtu asiye na kibali. Sisemi miti shamba yote ni mibaya, nimelelewa nayo. Nasema hakuna mwanamke anayepaswa kukaushwa.

Kukausha kuna ubaya mwingine ambao unaninyima usingizi, nao ni kuficha. Mama wa makamo alinijia akiwa amekwisha kununua dozi katika maduka kadhaa, langu likiwa la mwisho. Uchafu wake ulikuwa wa majimaji ya rangi ya nyama iliyooshwa, wenye harufu nzito, na alipata damu kila alipokutana na mumewe. Hedhi alikuwa ameshaiaga. Kila alikopita aliuziwa ya fangasi au ya bakteria, kwa sababu kila alikopita alisema tu "natokwa na uchafu" na hakuna aliyemuuliza kuhusu damu. Sikumuuzia kitu. Nilimwandikia barua ya rufaa, na mwanawe akamsindikiza hospitali. Saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wengi katika nchi yetu, na dalili zake ndizo hizo: damu baada ya tendo, damu baada ya kukoma hedhi, majimaji yenye damu na harufu yasiyosikia dawa. Kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kinafanyika kwenye vituo vingi vya afya, ni cha dakika chache, na wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio wanaosisitizwa zaidi kukifanya. Mabinti zetu wameanza kupata chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, nchi nzima tangu mwaka 2018. Mama zao hawakuipata. Mama hao wanahitaji kuchunguzwa, na unga wa kukausha unawachelewesha.

Wengine ambao siwauzii kitu, nawatuma moja kwa moja kituoni, ni mjamzito anayeona majimaji mengi yasiyokoma, kwa kuwa huenda ni chupa ya uzazi inavuja; binti mdogo ambaye hajavunja ungo; na yeyote mwenye homa, maumivu ya chini ya kitovu au maumivu makali wakati wa tendo, kwa kuwa ugonjwa unaweza kuwa umepanda kwenye kizazi na mirija. Huyo wa mwisho anaweza kuhitaji sindano, na sisi madukani haturuhusiwi kuchoma. Mjamzito mwenye fangasi wa kawaida hutibiwa vizuri kwa vidonge vya kuweka, lakini kile cha kumeza cha flukonazoli asijinunulie. Yupo pia aliyesahau kipande cha pamba au kitambaa ndani wakati wa hedhi. Harufu yake haitaondolewa na dozi yoyote mpaka kitu hicho kitolewe, na muuguzi atakitoa bila kumcheka.

Neno langu la mwisho ni kwa wenzangu wa madukani na wauguzi wa dirishani. Tunajua kuandika 2x1 juu ya bahasha ya dawa na kusema "mwingine". Mwanamke aliyechukua siku nyingi kupata ujasiri wa kutufikia anaondoka bila kujua atarajie nini. Mimi nimeanza kuongeza maandishi kwa kalamu chini ya maelekezo ya kumeza: "Ute mweupe au wa kuvutika, usionuka wala kuwasha, ni wa kawaida. Rudi ukiona damu, harufu, homa au maumivu ya tumbo. Mwenzi wako naye atibiwe ukiambiwa hivyo." Inachukua muda mfupi kuliko kutafuta chenji. Wanaochapisha bahasha hizo, serikalini na viwandani, wana nafasi tupu ya kutosha upande wa nyuma. Naomba waitumie kuchapa maneno hayo.

Wako,
Mtoa dawa,
Mbinga, Ruvuma